Msiwaite Wakusanya Makaratasi

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kila nikigusia hapa historia ya katuni za Kimarekani wapo wanaoniuliza kama nimeishiwa habari. Wengine ni waandishi wenzangu, tena wa siku nyingi. Wanasema katuni ni mambo ya watoto, na wale wazee wa Marekani wanaomaliza maisha yao wakitafuta nani alichora ukurasa gani mwaka 1944 ni wakusanya makaratasi tu, watu wenye muda wa kupoteza. Eti historia ni ya vita, marais na mikataba. Mengine ni michezo.

Nimejibu kwa kifupi mara nyingi. Leo najibu kwa kirefu. Msimamo wangu ni huu: hao mnaowaita wakusanya makaratasi wamefanya kazi ya mwanahistoria vizuri kuliko vyuo vikuu vya wakati wao, na vizuri kuliko makampuni yaliyochapa hizo katuni, kwa sababu waliuliza swali ambalo wakubwa hawakutaka liulizwe. NANI ALIFANYA KAZI, NA NANI ALIKULA HELA?

Tuwekane sawa kwanza kuhusu vitu vyenyewe. Mwaka 1896 tajiri wa magazeti wa New York, Frank Munsey, aligeuza jarida lake la The Argosy likawa la hadithi tupu, akalichapa kwenye karatasi ya bei ya chini kabisa iliyotengenezwa kwa massa ya mbao. Massa hayo Waingereza wanayaita pulp, ndiyo maana tunayaita majarida ya palpu. Yakafuata mengine mamia: ya upelelezi, ya ng'ombe na bastola, ya mapenzi, ya sayari za mbali, ya misitu ya Afrika. Miaka ya 1930 vikazaliwa vitabu vya katuni, kwenye karatasi duni ileile, vikiuzwa kwenye vibanda vilevile, mara nyingi na matajiri walewale.

Biashara yenyewe ilikwenda hivi. Mwandishi wa palpu alilipwa kwa neno, wengi wao senti moja au pungufu. Mchoraji wa katuni alilipwa kwa ukurasa. Ukishapokea hela yako umeuza kila kitu: hadithi, wahusika, michoro, na mara nyingi hata jina lako. Walter Gibson aliandika riwaya 282 kati ya 325 za The Shadow, lakini msomaji aliyetoa senti zake aliona jina la Maxwell Grant, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Lester Dent aliandika Doc Savage, kwenye jarida akasomeka Kenneth Robeson. Majina hayo yalikuwa mali ya kampuni ya Street & Smith. Mwandishi akichoka, akifa au akidai nyongeza, anawekwa mwingine nyuma ya jina lilelile na msomaji hashtuki.

Unaona mtego huo, ndugu msomaji? Kusahaulika kwa watu hawa hakukutokea kwa bahati mbaya. Ilikuwa sehemu ya biashara. Kwa hiyo anayesema katuni na palpu hazina historia ya maana anarudia maneno ya mwenye kiwanda, ila yeye anayarudia bure, bila kulipwa.

Sasa njoo kwenye makaratasi mnayoyacheka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto wa Marekani waliombwa kukusanya karatasi za zamani zikatengenezwe upya kwa mahitaji ya vita, na katuni nyingi mno zikaishia huko. Baada ya vita maktaba kubwa zikaanza kupiga picha magazeti yao kwenye filamu ndogo, nyeusi na nyeupe, kisha zikayatupa magazeti yenyewe. Kurasa za katuni za Jumapili zilizochapwa kwa rangi zote za dunia zikabaki kivuli cha kijivu kwenye filamu. Waliofanya hivyo walikuwa wakutubi wenye vyeti, watu ambao kazi yao ni kutunza!

Huko San Francisco alikuwepo bwana mmoja, Bill Blackbeard, mpenzi wa palpu na katuni tangu utotoni. Aliposikia maktaba zinatupa magazeti, akaomba apewe yeye. Akaambiwa mtu binafsi hapewi, labda taasisi isiyo ya faida. Sawa, akasema. Mwaka 1968 akaanzisha taasisi, San Francisco Academy of Comic Art, na makao yake makuu yakawa nyumba anayoishi. Akaanza kuzunguka kukusanya magazeti, na nyumbani akawa anakata katuni na kuzipanga kwa tarehe. Sebule, vyumba, gereji, kote makaratasi. Mkusanyiko wake ulipohamishiwa Ohio State University mwaka 1998 ulikuwa na uzito wa tani 75 hivi na ulihitaji matrela sita kuubeba.

Blackbeard hakuwa profesa. Alifariki mwaka 2011. Leo maprofesa wanafunga safari kwenda Ohio kufanya utafiti kwenye makaratasi ambayo maktaba za wenye vyeti ziliyatoa kama taka. Kati yao na yeye, nani alijua kazi ya historia?

Lakini kutunza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuuliza. Hapo nawaleta kwa Batman, ambaye kila mwenye televisheni anamjua.

Batman alitoka mara ya kwanza mwaka 1939 kwenye Detective Comics namba 27. Jina lililoandikwa hapo na kwa miaka mingi baadaye ni la Bob Kane. Kane alichora, ni kweli, na alikuwa mjanja wa mikataba. Lakini alikuwepo rafiki yake muuza viatu, Bill Finger, aliyeandika ile hadithi ya kwanza. Finger ndiye aliyemshauri Kane amvalishe mhusika wake ile kofia ya kufunika uso na lile joho linalofanana na mabawa. Ndiye aliyetoa jina la Bruce Wayne. Ndiye aliyeuita mji Gotham City. Aliandika hadithi za Batman kwa miaka kama 25. Kwenye safu ya waanzilishi jina lake halikuwemo.

Nani aliuliza habari zake? Vyombo vikubwa vya habari havikuuliza. Aliyeuliza ni Jerry Bails, mwalimu wa sayansi wa chuo kikuu pale Detroit, ambaye baada ya kazi alikuwa mtu wa katuni. Mwaka 1961 Bails alianzisha kijarida cha mashabiki kiitwacho Alter Ego. Mwaka 1965 akazungumza na Finger, kisha akaandika yale aliyoambiwa na kuyasambaza kwa mashabiki wenzake, nakala chache tu. Kane aliposoma akaja juu, akaandika barua ndefu ya wazi kukana: Batman ni wangu, peke yangu.

Hebu pima hapo. Upande mmoja tajiri mwenye mkataba na wakili. Upande wa pili mwalimu mwenye nakala chache za kurudufu. Aliyekuwa anasema kweli ni huyu wa nakala za kurudufu. Kane mwenyewe alikuja kukiri kwenye kitabu chake cha mwaka 1989 kwamba Finger alistahili kutajwa. Wakati huo Finger alikuwa amekufa miaka 15 iliyopita, Januari 1974, akiwa na umri wa miaka 59, hana utajiri wala jina.

Kisha akaja mwingine wa aina hiyohiyo, Marc Tyler Nobleman, mwandishi wa vitabu vya watoto. Ilikuwa inasemwa kila mahali kwamba Finger alizikwa kwenye kaburi la maskini wasio na ndugu, na kwamba mtoto wake pekee, Fred, alifariki mwaka 1992 bila kuacha mrithi, kwa hiyo hakuna wa kudai chochote. Nobleman hakukubali kuambiwa tu. Alipiga simu, akasaka vyeti, akawatafuta majirani na wajukuu wa watu. Akagundua Finger hakuzikwa huko: mwili ulichomwa, na mtoto wake aliyamwaga majivu kwenye mchanga wa ufukwe wa Oregon kwa umbo la popo. Akagundua pia kwamba Fred aliacha binti. Anaitwa Athena. Mrithi alikuwepo muda wote. Hakuna aliyekuwa amejisumbua kumtafuta.

Kitabu cha Nobleman kilitoka mwaka 2012. Athena akasimama kudai haki ya babu yake. Mwaka 2015 kampuni ya DC ikatangaza kwamba Finger atatajwa pamoja na Kane. Miaka 76 baada ya hadithi ya kwanza!

Nyie waandishi wenzangu mnaocheka, niambieni habari gani mliyoandika ikamrudishia marehemu jina lake na mjukuu wake haki yake. Mimi bado sijaandika ya hivyo. Natamani.

Superman naye ana yake. Mwaka 1938 vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza hadithi ya kwanza pamoja na haki zote kwa dola 130, yaani dola 10 kwa kila ukurasa, kurasa 13. Kufikia mwaka 1975 Shuster alikuwa anakaribia upofu na Siegel anachapa taipu ofisini kwa mshahara mdogo, wakati filamu kubwa ya Superman inaandaliwa. Siegel akaamua kulia hadharani. Waliosimama naye ni mchoraji Neal Adams na mchoraji Jerry Robinson, na huyu Robinson mwaka mmoja tu kabla alikuwa ametoa kitabu cha historia ya katuni za magazeti. Desemba 1975 wazee wale wakapata posho ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao yakarudishwa. Kampuni ilikubali kwa kuogopa aibu, na aibu hiyo iliwezekana kwa sababu walikuwepo watu wanaokumbuka majina. Mashabiki walikuwa wamekwisha kuyaandika kwenye vijarida vyao kwa miaka mingi.

Kuna watakaosema: hayo ni mambo ya haki za wasanii, historia yenyewe iko wapi? Haya, twende kwa Dk. Wertham.

Fredric Wertham alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Mwaka 1954 alitoa kitabu, Seduction of the Innocent, akidai kwamba katuni zinawaharibu watoto na kuwafanya wahalifu. Hofu ilikuwa imeshapanda tangu zamani: mwaka 1948 huko Spencer, West Virginia, watoto wa shule waliwasha moto na kuchoma katuni hadharani, walimu wakitazama. Mwaka huohuo wa 1954 kamati ya Seneti ikakaa New York kuhoji wachapaji. Wachapaji wakaogopa, wakajiundia chombo cha kujikagua, Comics Code, kilichodumu kwa namna moja au nyingine mpaka mwaka 2011. Makampuni yakafungwa. Wachoraji wakakosa kazi, wengine hawakurudi tena kwenye fani.

Kwa zaidi ya miaka 50 watu walibishana kuhusu kitabu hicho bila kuona ushahidi wake. Mafaili ya Wertham yalikuwa Library of Congress, yamefungwa. Yalifunguliwa mwaka 2010. Mtafiti Carol Tilley wa University of Illinois akaenda kukaa nayo, sanduku baada ya sanduku, akilinganisha maneno ya watoto yaliyomo kwenye mafaili na yale yaliyochapwa kitabuni. Mwaka 2012 akachapisha alichokikuta. Wertham alikuwa amebadili maneno ya watoto. Alikuwa ameunganisha maelezo ya watoto wawili yakawa ya mmoja. Alikuwa ameacha mambo mengine mazito kwenye maisha yao, mambo ya nyumbani na mtaani, ili lawama yote iangukie katuni.

Tilley ni msomi wa chuo, nakubali, na sina ugomvi na chuo kama chuo. Ninachosema ni kwamba alifanya kazi ileile ya mashabiki: kukaa na karatasi moja moja mpaka iseme. Siku hizi kazi hiyo inapata heshima kidogo chuoni. Bails alipoianza, ilikuwa inachekwa.

Na hapa naomba tuwe waungwana. Wertham hakuwa shetani. Mwaka 1946 alishiriki kuanzisha kliniki ya Lafargue huko Harlem, kwenye ghorofa ya chini ya kanisa, ambako watu weusi walitibiwa kwa senti 25 kwa wenye nazo, wakati ambapo milango mingi ilifungwa kwao. Uchunguzi wake kuhusu madhara ya shule za ubaguzi ulitumika mahakamani Delaware, kwenye kesi iliyokuja kuunganishwa na zile zilizovunja ubaguzi wa shule Marekani mwaka 1954. Na alikuwa miongoni mwa wachache waliosema wazi kwamba katuni za msituni zinawafundisha watoto kudharau watu weusi. Hapo alisema kweli tupu. Mtu mwema, mwenye hoja nyingine za kweli, aliyechezea ushahidi. Propaganda haijui kumweleza mtu wa namna hiyo. Mwanahistoria anajua.

Mkitaka kuona ile Comics Code ilifika wapi, isomeni hadithi iitwayo Judgment Day ya kampuni ya EC. Mwanaanga anatembelea sayari ya roboti, anakuta roboti za rangi moja zinabagua za rangi nyingine, anakataa kuipitisha sayari hiyo. Kwenye picha ya mwisho anavua kofia, na ni mtu mweusi. Ilipotaka kuchapwa tena mwaka 1956, mkaguzi akasema haiwezekani mtu huyo awe mweusi. Mchapaji Bill Gaines akagoma, akatishia kwenda kwenye vyombo vya habari, akaichapa kama ilivyo. Hicho ndicho chombo kilichoundwa eti kulinda maadili ya watoto. Wahusika wasingekuja kuhojiwa na mashabiki baadaye, kisa hicho tungekijulia wapi?

Najua swali linalofuata, maana naulizwa kila siku: wewe ni mtoto wa Afrika, Wamarekani na katuni zao wanakuhusu nini?

Wananihusu kwa sababu waliuza Afrika. Oktoba 1912 jarida la palpu la The All-Story lilichapa hadithi ya Tarzan. Mwandishi, Edgar Rice Burroughs, hakuwahi kukanyaga bara hili maishani mwake. Alilipwa dola 700. Kwenye ule msitu wake wa Afrika aliweka chui-milia, mnyama wa Asia, mpaka wasomaji wakamrekebisha, na kitabu kilipotoka mwaka 1914 akambadilisha kuwa simba jike. Wanyama walirekebishwa. Watu weusi wa kwenye hadithi hawakupata wa kuwatetea, wakabaki walivyo.

Soko likanoga. Kampuni ya Fiction House ikawa na Jungle Stories upande wa palpu na Jungle Comics upande wa katuni. Ikawa pia na Sheena, malkia mweupe wa msituni, aliyebuniwa kwenye studio ya Will Eisner na Jerry Iger mjini New York. Kizazi baada ya kizazi cha watoto wa Kimarekani kilipata picha ya Afrika kutoka humo. Ukishangaa kwa nini mpaka leo mgeni anakuuliza kama unaishi na simba, anzia hapo.

Sasa shikeni viti. Mwaka 1944, kwenye Jumbo Comics namba 69, ilitoka hadithi ya Sheena yenye kurasa 12. Wanawake waliomo humo walichorwa na kijana aliyekuwa anaanza kazi kwenye studio ya Iger, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya katuni iliyothibitishwa. Anaitwa Matt Baker. Alikuwa mtu mweusi, aliyekulia Pittsburgh.

Mtu mweusi, ndani ya New York, amekaa mezani anamchora malkia mweupe wa Afrika kwa malipo ya ukurasa, jina lake halipo. Sijui profesa gani angeweza kubuni mfano unaoeleza hali ya Marekani ya wakati ule kuliko huo. Baker akawa mmoja wa wachoraji bora wa zama zake na akafariki mwaka 1959, umri wa miaka 37. Tunamjua kwa sababu walitokea watu wanaoweza kutazama mstari wa kalamu kwenye ukurasa usio na sahihi na kusema: huu mkono ni wa fulani. Nyie mnaita huko ni kupoteza muda!

Na yupo mwandishi wa habari mwenzetu, Orrin C. Evans wa Philadelphia, mmoja wa weusi wa kwanza kuajiriwa kama ripota wa kawaida kwenye gazeti kubwa la Wazungu. Gazeti lake, Philadelphia Record, lilifungwa mwaka 1947. Mwaka huohuo akatoa All-Negro Comics, kitabu cha katuni kilichoandikwa, kuchorwa na kumilikiwa na watu weusi. Ndani yake kuna mpelelezi mweusi Ace Harlem. Kuna pia Lion Man, mwanasayansi mweusi aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kulinda mlima kule Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Jibu kwa Tarzan hilo, miaka kumi kabla ya uhuru wa Ghana! Lilitoka toleo moja tu. La pili liliandaliwa, lakini Evans hakupata tena mtu wa kumuuzia karatasi. Wauza karatasi walimgomea. Ndivyo habari inavyouawa bila kupiga marufuku: unamnyima mtu karatasi.

Lakini sitaki mnielewe vibaya mkadhani nawasifia mashabiki bila kipimo. Wana dhambi yao na nitaisema. Wengi walianza kuthamini historia kwa bei ya soko. Tangu kitabu cha bei cha Robert Overstreet kianze kutoka mwaka 1970, kwa wengi swali likawa "hii nakala inauzwaje?" Mwaka 2024 nakala moja ya Action Comics namba 1 iliuzwa dola milioni 6. Sita! Wale vijana walipewa 130. Ukifuata bei utaandika historia ya mashujaa wenye majoho na wazungu wanaume waliowachora, basi. Wanawake watapotea. Weusi watapotea. Na kweli walipotea kwa muda mrefu, ndani ya vitabu vya hao hao mashabiki.

Dawa yake ilikuwa kurudi kwenye swali la mwanzo. Trina Robbins, mwenyewe mchoraji, aliambiwa kwamba wanawake hawakuwahi kuchora katuni. Mwaka 1985 yeye na Catherine Yronwode wakatoa kitabu kizima cha wanawake waliochora, na akaendelea kuandika mpaka alipofariki mwaka 2024. Nancy Goldstein mwaka 2008 alimwandika Jackie Ormes, mwanamke mweusi aliyechora katuni kwenye magazeti ya weusi tangu mwaka 1937, na akaonyesha kwamba FBI walikuwa na faili lake la kurasa 287. Serikali ilijua Ormes ni mtu muhimu kabla ya wanahistoria! Na Ken Quattro, aliyejiita mpelelezi wa katuni, mwaka 2020 akatoa Invisible Men, kitabu cha wachoraji weusi wa katuni za zamani, Baker na Evans wakiwemo. Majina mengine humo wengi wetu hatukuwahi kuyasikia.

Kwa hiyo wanaonicheka nawajibu hivi. Historia ya marais mtaipata siku yoyote, maana marais wanaajiri watu wa kuiandika. Historia ya mtu aliyelipwa kwa neno na kufichwa nyuma ya jina la uongo haiandikwi mpaka atokee mbishi mmoja wa kuitafuta kwa gharama zake. Na hao wabishi wanazidi kuzeeka. Bails alifariki mwaka 2006, Blackbeard 2011, Robbins 2024. Waandishi na wachoraji waliokuwepo miaka ya 1930 na 1940 karibu wote wameshakwenda, hakuna tena wa kupigiwa simu. Kilichobaki ni karatasi, na karatasi ya palpu ina asidi ndani yake: inageuka njano, kisha kahawia, kisha inavunjika mkononi kama jani kavu.

Ziko kurasa nyingi za zama hizo ambazo mpaka leo hakuna anayejua nani alizichora. Kila ukurasa ulikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Kama mna kazi kubwa kuliko kumtafuta huyo, endeleeni nayo, sitawazuia. Ila msimcheke anayemtafuta.